Senti ya Mpagazi: Rupia Ilivyozikwa Nairobi

Mwaka 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti zenye sahihi ya Gavana Kamau Thugge, na mabishano juu ya zabuni ya kampuni ya Kijerumani iliyozichapa yakapamba moto, sidhani kwamba wengi katika soko la Kariokor walikumbuka kuwa mahali pale pana jina la watu walioonja mapema uchungu wa kubadilishiwa fedha. Kariokor ni Carrier Corps katika vinywa vya wenyeji: wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliolipwa rupia 5 kwa mwezi, na ambao ujira wa marehemu wao, usiodaiwa na mtu, serikali ya London ilikataa kuutoa.

Rupia hiyo ya Bara Hindi ilikuwa ikienda 15 kwa pauni, hata vita vilipokwisha na madini ya fedha yakawa ghali ulimwenguni, ikapanda, na mwaka 1920 serikali ikaiweka kuwa 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekopa rupia 1,500, yaani pauni 100, akajikuta anadaiwa pauni 150. Ikaletwa florini mahali pa rupia, na kabla florini haijazoeleka mikononi ikaja shilingi, mwaka 1921, mbili kwa florini moja.

Hapo ndipo ilipozuka fitina ya senti, ambayo W. McGregor Ross, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kazi za Umma, aliisimulia kwa ghadhabu katika kitabu chake cha mwaka 1927. Rupia ilikuwa na senti 100. Shilingi, iliyo nusu ya thamani yake, nayo ikapewa senti 100. Walowezi wakataka senti ya zamani ihesabiwe kuwa senti ya shilingi, hivi kwamba kibarua aliyejiwekea senti 200, mali ya shilingi 4, angebakiwa na shilingi 2, bila ya mtu kumtia mkono mfukoni. Shauri hilo halikupita. Ross haifichi hasira yake, nami sioni sababu ya kuipunguza.

Lililopita ni la mshahara wa vibarua, uliokatwa thuluthi. Hesabu ya walowezi ilikuwa na hila nzuri: rupia 6, zilizokuwa shilingi 8, sasa ni shilingi 12, toa thuluthi, zarudi 8. Lakini kodi ya kibanda haikukatwa. Ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 5 hadi 8, nazo kwa kiwango kipya ni shilingi 16. Harry Thuku, mhudumu wa simu wa Hazina, akaunda chama cha kuyapinga hayo Juni 1921. Akakamatwa Machi 1922, na umati uliodai aachiliwe ukamiminiwa risasi, Mary Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Kodi ikateremshwa hadi shilingi 12.

Baada ya uhuru, Benki Kuu ikaja mwaka 1966, lakini misukosuko ya fedha haikwisha. Baada ya uchaguzi wa 1992 noti ya 500 ikaitwa Jirongo, jina la mwanasiasa wa kampeni hizo, na bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 40 mwaka 1993. Ila hatukufika walipofika Uganda mwaka 1987, ambako shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa 1 mpya, wala walipofika Zaire, milioni 3 kwa 1.

Sanamu ya askari na wapagazi imesimama Kenyatta Avenue, katikati ya mji. Kaunti ya Nairobi na iweke jiwe la wapagazi Kariokor penyewe, liandikwe kwa Kiswahili, na kiwango cha rupia kitajwe.