Kutoka Histeria hadi Dalili Zisizobainika Chanzo

Miongoni mwa dhana za utabibu zinazohitaji istilahi thabiti ni ile inayomhusu mgonjwa anayefikishwa katika idara ya dharura akiwa na maumivu, kizunguzungu au kupooza, naye akipimwa haonekani na kasoro yoyote ya mwili. Huyo aghalabu huambiwa, "Huna ugonjwa," hali maumivu yangali naye. Makala haya yanafuatilia majina aliyopewa mgonjwa wa namna hiyo, kwani jina huongoza huduma atakayopata baada ya vipimo.

Jina la zamani, histeria, linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mji wa mimba. Baadhi ya matabibu wa kale waliamini kwamba kiungo hicho huweza kuhama mahali pake na kumziba mwanamke pumzi. Imani hiyo ilikuja kukataliwa, lakini jina lilibaki, na tuhuma juu ya wanawake ikabaki nalo. Mwaka 1859 Paul Briquet wa Ufaransa alichapisha uchunguzi wake wa wagonjwa 430, akakana kwamba chanzo ni mji wa mimba. Baadaye Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alionyesha kuwa wanaume nao hupatwa.

Hapa kwetu, mfano mashuhuri ni ule wa Kashasha, katika nchi ya Buhaya. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari Rankin na Philip hawakupata sumu wala vijidudu vya kuelezea hali hiyo, na katika taarifa yao ya 1963 waliiita histeria ya umati. Taarifa hiyo pia ilihifadhi majina mawili ya wenyeji: *enwara yokusheka*, yaani ugonjwa wa kucheka, na *akajanja*, yaani wazimu. La kwanza lataja kile kilichoonekana. La pili lamhukumu mgonjwa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yetu.

Hatari ya hukumu ilidhihirishwa na Eliot Slater wa London mwaka 1965. Aliwafuatilia watu walioandikiwa histeria miaka ya nyuma, akakuta kwamba wengi wao walikuwa na maradhi ya mwili. Makosa hayo yamepungua sana tangu miaka ya 1970, lakini funzo lingalipo. Mwaka 1980 Chama cha Matabibu wa Akili cha Marekani kiliacha kutumia histeria kuwa jina la ugonjwa katika mwongozo wake.

Tuseme nini basi kwa Kiswahili? "Dalili zisizoelezeka" lina utata: msikiaji aweza kudhani kwamba mgonjwa ndiye aliyeshindwa kujieleza. Twapendekeza "dalili zisizobainika chanzo". Istilahi hii yakiri kwamba dalili zipo, na kwamba kisichojulikana ni chanzo chake. Na daktari anapozungumza na mgonjwa, yafaa aongeze neno "bado": "Chanzo bado hakijabainika." Kwa neno hilo moja mgonjwa atajua kwamba ameaminiwa, na kwamba akizidiwa mlango u wazi.