Ndege Ilirudi, Kazi Haikuwepo

Tukiongea kuhusu wasichana na sayansi, picha inayokuja haraka ni ya airport: msichana na begi lake, anaenda Marekani, familia inapunga mikono, mambo yamenyooka. Lakini ukifuata maisha ya Wangari Maathai vizuri, utaona kupanda ndege ndiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Septemba 1960 alikuwa kati ya Wakenya kama 300 waliopelekwa kusoma Marekani kupitia mpango uliosukumwa na Tom Mboya, huku wakfu wa familia ya Kennedy ukisaidia nauli. Alisoma biolojia katika chuo cha watawa huko Atchison, Kansas, akamaliza 1964. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya uzamili. Huko alijifunza kazi ya mikono ya maabara: kuandaa vipande vya tishu, vyembamba kabisa, ili visomeke kwa darubini.

Mwaka wa 1966 akarudi Nairobi akiwa ameahidiwa kazi katika idara ya zuolojia. Kufika, anaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini sababu ni kuwa mwanamke, na kabila lake.

Hebu fikiria. Shahada mbili, na hana pa kwenda.

Aliyemfungulia mlango ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akifundisha anatomia ya wanyama hapo hapo Nairobi. Alihitaji mtu mwenye ujuzi ule ule wa tishu. Akampa kazi, na baadaye akamhimiza aende Ujerumani kwa utafiti, Giessen na Munich. Mwaka wa 1971 Maathai akapata uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinisumbua, sawa, lakini kilichonimaliza ni kwamba hakuna mhadhiri hata mmoja aliyejua jina langu. Ndiyo maana nikisoma habari za Hofmann sioni Mzungu mkarimu tu. Naona mtu aliyekuwa na nafasi, akaitoa.

Na hata hivyo, mtu mmoja hatoshi. Maathai akiwa mhadhiri ilibidi apiganie marupurupu sawa kwa wanawake wa chuo. Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo hakikumrudisha kazini. Maabara ikaishia hapo.

Bahati nzuri, tangu 1977 alikuwa ameshaanza Green Belt Movement. Humo kina mama wasio na vyeti walikuza miche hata kwenye vyungu vilivyovunjika, na aliyejua akamfundisha jirani. Hakuna aliyehitaji viza.

Baadaye kukawa na mipango kama TechWomen, iliyoanza 2011, iliyowapeleka wanasayansi na wahandisi wanawake, wakiwemo Wakenya, wakae wiki kadhaa na wenzao waliobobea huko Silicon Valley. Mimi nasema waende, tena wengi. Ila kila mpango uulizwe swali moja kabla tiketi haijakatwa: huyu dada akitua JKIA na ujuzi wake, ni maabara gani iliyomwekea kiti, na nani humo ndani anajua jina lake?