Kanuni za Mjadala katika Mabaraza ya Kuigiza ya Wanafunzi: Asili na Istilahi Zake

Mwanafunzi asimamaye katika baraza la kuigiza la Umoja wa Mataifa, akiisemea nchi isiyo yake, aghalabu hudhaniwa kuwa anafuata kanuni za Umoja huo. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Jina la zoezi ni la Umoja wa Mataifa, lakini sehemu kubwa ya kanuni zinazotumika ilitoka katika mikutano ya makanisa na vyama vya Marekani ya karne ya 19.

Mwaka 1863, katika mji wa New Bedford, Massachusetts, mhandisi wa jeshi aitwaye Henry Martyn Robert alitakiwa ghafla aongoze mkutano wa kanisa. Mkutano ukamshinda. Fedheha hiyo ilimfanya aanze kuchunguza taratibu za mikutano, na mwaka 1876 alichapisha kwa gharama zake nakala 4,000 za kijitabu cha kanuni. Alizitwaa desturi za Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambazo mizizi yake imo katika Bunge la Uingereza, akazipunguza ili ziwafae raia wa kawaida.

Katika miaka ya 1920 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walianza kuigiza vikao vya Shirikisho la Mataifa. Jambo hili lina kinaya chake, kwani Seneti ya nchi yao ilikuwa imeukataa Mkataba wa Versailles mwaka 1919 na tena mwaka 1920, na Marekani haikujiunga kamwe na Shirikisho hilo. Baada ya mwaka 1945 maigizo hayo yalihamia kwenye Umoja wa Mataifa. Yamkini vijana hao walishika kanuni walizokwisha kuzizoea katika vyama vyao.

Alama ya Robert huonekana wazi katika kufunga mjadala. Kwa kanuni za Baraza Kuu, hoja ya kufunga mjadala hupingwa na wasemaji wawili tu, kisha hupigiwa kura, na wingi wa kawaida hutosha. Robert alitaka theluthi mbili, kwa kuwa kumnyima mtu nafasi ya kusema ni jambo zito. Na theluthi mbili hizo ndizo zinazotakiwa katika mabaraza mengi ya wanafunzi. Tena, yale mashauriano mafupi ambamo mwenyekiti huwateua wasemaji mmoja mmoja, kila mmoja kwa muda uliopimwa, hayamo katika kijitabu cha Robert wala katika kanuni za Baraza Kuu. Yalibuniwa na waigizaji wenyewe. Mkondo wa The Hague, ulioanza mwaka 1968, ulikwenda njia nyingine: mwenyekiti hugawa muda wa kuunga mkono azimio na muda wa kulipinga.

Kwa mwanalugha, tatizo kubwa zaidi limo katika maneno. Kwa Kiingereza cha Uingereza, kuiweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe; kwa Kiingereza cha Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Churchill alisimulia katika historia yake ya Vita vya Pili jinsi neno hilo lilivyozua mabishano marefu baina ya wakuu wa majeshi ya nchi hizo mbili, hali pande zote zilikuwa zikitaka jambo lile lile. Mwanafunzi wa Nairobi amerithi mkanganyiko huo. Husikia kuwa ripoti imewekwa mezani Bungeni, akafahamu kuwa imewasilishwa. Kisha huingia katika baraza la kuigiza na kukuta neno hilo hilo likiuzika mjadala. Kiswahili hakimlazimishi kukanganyikiwa hivyo, maana kuwasilisha mezani ni tendo moja, na kuahirisha mjadala ni tendo jingine.

Wala istilahi hizo si za kubuniwa leo. Bunge la Tanzania limejadili kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na kumbukumbu zake zimejaa fomyula kama "naomba kutoa hoja" na "naafiki". Kenya ilifuata kwa kusitasita. Mzee Kenyatta aliamuru tarehe 4 Julai 1974 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 lugha zote mbili ziliruhusiwa katika mjadala. Katiba ya mwaka 2010 iliongeza Lugha ya Ishara ya Kenya.

Hata hivyo nchi hizi mbili hazisemi sawasawa. Mbunge wa Kenya akitaka kuonyesha kuwa kanuni imekiukwa husimama kwa "hoja ya nidhamu". Wa Tanzania husimama "kuhusu utaratibu". Msemo wa Tanzania ndio ulio bora. Nidhamu humfanya msikilizaji afikirie mtoto mtundu, ilhali kinacholalamikiwa huenda ni mpangilio wa shughuli tu. Isitoshe, neno hoja limekwisha kubeba mzigo mkubwa: ni pendekezo linalopigiwa kura, na pia ni sababu inayotolewa kulitetea. Mwenyekiti asemaye "hoja yako haina hoja" hakosei sarufi, ila mgeni hatajua ni lipi lililokataliwa, pendekezo au utetezi wake.

Limebaki suala la nafsi. Mabaraza mengi ya kuigiza humkataza mjumbe kujitaja kwa nafsi ya kwanza. Katika Kiingereza hubadilishwa kiwakilishi na kitenzi kikaguswa kidogo tu. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi chenyewe, hivyo "ninaomba" hugeuka "mjumbe wa Norwei anaomba", na msemaji hulazimika kuichunga kila sentensi mpaka aketi.