Kidhibiti Mwendo na Hesabu ya Jioni: Barabara ya Kakamega

Historia ya udhibiti wa mwendo wa magari Kakamega haitenganishwi na historia ya matatu, kwani tangu Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu, yamekuwa tegemeo la wasafiri wa barabara ya Kisumu, Kakamega na Webuye, na kasi yake ikaamuliwa na hesabu, yaani kiasi cha fedha ambacho mwenye gari humdai dereva kila jioni. Kinachozidi hesabu ndicho riziki ya dereva na utingo wake; kwa hiyo kila dakika iliyookolewa njiani ilikuwa na bei.

Tangazo la Kisheria Na. 161 la mwaka 2003, lililoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, liliamuru kila matatu ifungwe mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, kifaa kinachozuia injini kuongeza nguvu gari linapofika kilomita 80 kwa saa. Hoja yake ilikuwa na msingi imara, kwa sababu nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hata gari lililotoka kilomita 80 hadi 100 huwa limeiongeza kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya waya za vifaa hivyo kuchezewa, vikabaki garini kama pambo la kumwonyesha askari kwenye kizuizi cha barabarani.

Tena, hata kilipokuwa kizima, kifaa hicho hakikutambua kwamba gari limeingia Khayega, Lurambi au Malava, ambako sheria inataka kilomita 50 na ambako wanafunzi, matrekta ya miwa na, hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zisizo na kidhibiti chochote, hugombania lami ileile. Hapo, matuta ya barabarani yamemlazimisha dereva kupunguza mwendo zaidi kuliko teknolojia yoyote.

Jambo lisilokumbukwa sana, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba kanuni zilezile za Michuki zilimtaka mwenye gari amwajiri dereva kwa mshahara wa mwezi. Kidhibiti kilikaguliwa kwa kuwa kilionekana. Mshahara hauonekani kizuizini, na hesabu ikaendelea. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, inapaswa kuukagua mshahara huo kwa ukali uleule inaokagulia vifaa.