Umempiga?

Asubuhi moja ya kiangazi, Usoke, nilikuwa nimechuchumaa chini ya mninga karibu na mizinga ya babu yangu. Nilishika kamera ya kuazima yenye lenzi ndefu, milimita 400, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Juu ya kitawi kikavu alikuwa ametua keremkerem mdogo: utosi wa rangi ya kutu, mwili wa kijani, na manyoya mawili membamba yaliyochomoza mkiani. Nikabonyeza.

"Umempiga?" babu akauliza.

"Nimempiga, babu."

Akainua macho. Ndege alikuwa bado palepale, anageuza kichwa. "Mbona hajaanguka?"

Tulicheka, lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa bunduki na kwa kamera, na katika nchi hii ya Unyamwezi vitu hivyo viwili vina historia iliyoshikana. Huyo keremkerem mwenyewe ni ushahidi. Katika vitabu vya wataalamu anaitwa Merops boehmi. Jina hilo alipewa mwaka 1882 na Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin, kwa heshima ya Mjerumani mwenzake, Richard Böhm.

Böhm alizaliwa Berlin mwaka 1854. Mwaka 1880 alifika Unyamwezi na wenzake, wakaweka kituo Kakoma, kusini mwa Tabora. Njia waliyoipita ilikuwa ya zamani. Burton na Speke walikuwa wamefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, na kabla yao Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Wanyamwezi ndio walioibeba njia hiyo mabegani: mzigo wa frasila mbili hivi kwa mtu mmoja, kilo 32, kwa safari ya miezi.

Böhm aliwapenda ndege. Aliwachora kwa rangi, akaandika tabia zao. Lakini kumjua ndege wakati ule kulimaanisha kumuua. Ulimpiga risasi ndogo, ukamchuna, ukapaka dawa ngozi isiliwe na wadudu, ukaijaza pamba, ukafunga kikaratasi mguuni na kuandika mahali na tarehe. Ngozi ikawekwa kashani, na kasha likashuka pwani. Ndege aliyeruka Unyamwezi akaishia kwenye droo ya Ulaya. Böhm mwenyewe hakurudi. Alifariki Katanga Machi 1884, akiwa hajatimiza miaka 30. Desemba mwaka huohuo akafariki Mirambo, mtemi ambaye jina lake limebaki katika jina la wilaya yetu ya Urambo.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1891, na yalianzia kwenye vioo. Mwaka huo watu waliofanya kazi mbalimbali, Thomas Dallmeyer huko London, Adolf Miethe huko Berlin na Adolph Steinheil huko Munich, walitengeneza lenzi ya aina mpya. Siri yake ni rahisi kuieleza. Kioo cha mbele hukusanya mwanga, na kioo cha nyuma hutanua picha kabla haijafika kwenye bamba. Kwa hiyo bomba fupi linafanya kazi ya bomba refu, na kilicho mbali kinaonekana kikubwa bila wewe kukisogelea.

Aliyeifanya lenzi hiyo ijulikane katika koloni la Wajerumani ni Carl Georg Schillings. Mwaka 1905 alichapisha kitabu cha safari zake za Kilimanjaro na Umasaini, chenye picha za wanyama usiku, zilizopigwa kwa mwanga wa unga wa magnesi, na picha za mchana za lenzi ya mbali, wakiwemo ndege. Nyuma ya kila picha kulikuwa na wapagazi waliobeba mabamba ya vioo yasiyotakiwa hata kugongwa. Mabamba yalikuwa mazito wa kunasa mwanga na lenzi ilikuwa na giza, hivyo ndege aliyeruka mara nyingi aliacha ukungu tu. Na Schillings hakuwa malaika: alifunga ng'ombe na punda kama chambo cha simba, na alipiga bunduki kuliko alivyopaswa mtu aliyelalamika kwamba wanyama wanakwisha. Hata hivyo alionyesha jambo ambalo Böhm hakuwa na nafasi ya kulionyesha, kwamba unaweza kuondoka na ndege huku ndege amebaki.

Kwa hiyo nilipomjibu babu kwamba hajaanguka kwa sababu sikumpiga vile, nilijiona mjanja. Nikamsogezea kamera aione picha. Ilikuwa picha nzuri. Jicho jekundu lilikuwa kali, kila unyoya unahesabika, na nyuma yake kijani laini kama kitambaa kilichotandikwa.

Babu aliitazama kwa muda. "Huyu namfahamu. Anakula nyuki zangu." Kisha akauliza: "Mti uko wapi?"

Mti haukuwepo. Ndivyo lenzi ndefu inavyofanya kazi: inanoa kitu kimoja na kuyeyusha vyote vilivyo nyuma yake. Wapiga picha wa ndege tunausifu ukungu huo. Lakini mbele ya babu niliona kwamba nimefanya kama alivyofanya Böhm. Nimemchuna ndege kutoka mahali pake.

Na hapa kwetu mahali ndipo penye kesi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilichagua Urambo kuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi wake mkubwa wa karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yaling'oa miombo, karanga zikagoma, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Baada yake ikaja tumbaku, ambayo imesomesha watoto wengi wa wilaya hii, mimi nikiwemo. Lakini tumbaku hukaushwa kwenye mabani, na mabani hula kuni. Mti unaochomwa ndani yake ni ndugu wa ule ambao babu anaubandua gome kutengeneza mzinga, ule ambao nyuki hunyonya maua yake, ule ambao keremkerem hukaa kuvizia nyuki. Hakuna aliyempiga ndege huyu risasi kwa miaka mingi. Anaweza kutoweka bila risasi.

Nikachomoa lenzi ndefu, nikaweka ile fupi iliyokuja na kamera. Nikarudi nyuma hatua ishirini, hadi mninga wote ukaingia, na mizinga mitatu, na kwa mbali moshi wa bani la jirani. Keremkerem alikuwa nukta ya kijani pembeni. Ukiwa hujaambiwa, humwoni.

Babu akaichukua kamera tena, akaisogeza karibu na macho yake.

"Hapa sasa umempiga," akasema, akanionyesha nukta ile kwa kucha.