Jina Lililokatwa: Je, Kufupisha Jina la Taifa ni Tusi?



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Je, mtu akikata jina la taifa na kulitamka kwa kifupi, ametukana? Waingereza huitwa "Brit", Waaustralia huitwa "Aussie", wala hakuna anayekasirika. Lakini ukimwita Mjapani "Jap" au Mpakistani "Paki", umefanya kosa ambalo katika nchi nyingine laweza kukufukuzisha kazi. Wapo wasemao kwamba huu ni upendeleo usio na mantiki: kifupisho ni kifupisho, na ulimi wa mwanadamu hupenda njia ya mkato. Sisi wenyewe husema "Dar" bila kuitukana Dar es Salaam, na Mzanzibari huiita nchi yake "Zenji" kwa mahaba. Kwa nini basi kifupisho kimoja kiwe halali na kingine kiwe haramu?

Jibu halimo katika sarufi. Limo katika historia. Tuanze na barabara moja ya mashambani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima kutoka Japani walifika katika jimbo la Texas, nchini Marekani, kulima mpunga. Mmoja wao aliitwa Yoshio Mayumi, aliyeweka makazi yake katika wilaya ya Jefferson, karibu na mji wa Beaumont. Majirani walimheshimu, na mwaka 1905 barabara iliyoelekea shambani kwake ikapewa jina la "Jap Road", yaani barabara ya Mjapani. Wakati huo magazeti ya Kiingereza yalitumia kifupisho hicho kila siku, mara nyingi kwa sababu tu kilitosha katika safu nyembamba ya kichwa cha habari. Twaweza kukubali bila shida kwamba waliotoa jina lile walikusudia heshima. Katika miaka ya 1920 familia ya Mayumi iliondoka, lakini jina likabaki kwenye kibao.

Kibao kilibaki vilevile, ila neno halikubaki lilivyokuwa. Katika majimbo ya Marekani yanayopakana na bahari ya Pasifiki, kifupisho kile kilikuwa tayari kimeanza kuandikwa kwenye mabango ya kuwafukuza Wajapani mitaani. Kisha, tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor na kuua Wamarekani zaidi ya 2,400. Tangu siku ile neno lile fupi likawa jina la adui, likichapwa katika magazeti na katika michoro iliyowaonesha Wajapani kama wanyama.

Tarehe 19 Februari 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri namba 9066. Kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa majumbani mwao na kufungiwa katika kambi zilizozungukwa na seng'enge. Takribani theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Jenerali John DeWitt, aliyesimamia uhamisho huo, aliieleza kamati ya Bunge mwaka 1943 kwamba "Jap" ni "Jap" tu, na kwamba uraia wa karatasi haubadilishi kitu. Tazama, ndugu msomaji, kazi iliyofanywa na neno lile. Jina "Mmarekani mwenye asili ya Kijapani" lingemlazimisha msemaji akumbuke kwamba anamzungumzia raia mwenzake. Neno lenye silabi moja lilimwondolea mzigo huo. Kilichokatwa hapa hakikuwa herufi tu. Haki ya mtu ilikatwa pamoja nazo.

Wakati huohuo vijana wa jamii hiyo, ambao baadhi yao wazazi wao walikuwa kambini, walipigana Ulaya chini ya bendera ya Marekani katika kikosi cha 442, na wengi hawakurudi. Ilichukua miaka mingi hadi taifa likiri dhuluma ile. Tarehe 10 Agosti 1988, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya kuomba radhi na kumlipa dola 20,000 kila aliyefungwa ambaye bado alikuwa hai.

Sasa turudi Texas. Watu wenye asili ya Kijapani walipoanza kuomba kibao cha "Jap Road" kiondolewe, baadhi ya wakazi walipinga kwa uchungu. Walisema: babu zetu waliitoa heshima hii kwa moyo safi, mkiifuta mtamfuta Mayumi mwenyewe. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo, mwezi Julai 2004 viongozi wa wilaya waliamua jina libadilishwe. Wakazi walipopewa nafasi ya kuchagua jina jipya, hawakuchagua la Mayumi. Walichagua "Boondocks Road", jina la mkahawa wa samaki uliokuwapo zamani katika barabara ile. Hapo ndipo hoja ya heshima ilipopimwa. Kama kweli waliokuwa wakililia kibao walimlilia yule mkulima, nafasi ya kuandika jina lake kamili ilikuwa mikononi mwao.

Fundisho la kwanza ni hili: nia njema ya aliyelitamka neno wa kwanza hailizuii neno lisioze baadaye. Maji yaliyochotwa safi kisimani yaweza kuchafukia njiani. Anayepewa kunywa hana budi kuyaangalia yalivyo mezani, hata kama yalitoka kisimani yakiwa meupe.

Habari ya Wapakistani yatugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Jina "Pakistan" lilibuniwa mwaka 1933 na Choudhry Rahmat Ali, aliyekuwa akisoma Cambridge. Alilisuka kwa herufi za majina ya nchi za Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, na akafurahia kwamba katika Kiurdu na Kiajemi neno "pak" lina maana ya safi. Hadi leo magazeti ya India na ya Pakistan yenyewe huandika "Pak" katika vichwa vya habari, na hakuna anayeona tusi. Lakini huko Uingereza, tangu miaka ya 1960, "Paki" lilipigiwa kelele na vijana waliozunguka mitaani wakiwasaka wahamiaji ili kuwapiga. Neno lililozaliwa kutokana na usafi likageuzwa uchafu.

Tena halikuwahusu Wapakistani peke yao. Wahindi waliotoka Kenya mwaka 1967 na 1968, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin aliyewapa siku 90 tangu Agosti 1972, walifika Uingereza wakalikuta likiwasubiri. Zaidi ya watu 27,000 walitoka Uganda kwenda huko. Wengi walikuwa Wagujarati waliozaliwa Kampala, Jinja au Mbale; baadhi yao walijua Kiswahili, na hawakuwahi kukanyaga ardhi ya Pakistan. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasihamie huko. Tarehe 4 Mei 1978, kijana Mbangladeshi, Altab Ali, mshona nguo, aliuawa mashariki mwa London alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Taifa lake lilikuwa limejitenga na Pakistan tangu 1971. Chuki ya mitaani haikuwa na haja ya tofauti hizo. Neno la namna hii halitaji taifa tena; lataja ngozi. Hiyo ndiyo alama ya tusi la kibaguzi.

Pengine mtu atasema: lakini mimi sina chuki. Mwezi Januari 2002 Rais George W. Bush, akizungumzia ugomvi wa India na Pakistan, aliwaita Wapakistani kwa kifupisho kile, na msemaji wake akalazimika kueleza kwamba Rais aliwaheshimu. Mwaka 2009 ilitangazwa video ya zamani ambamo Mwanamfalme Harry wa Uingereza alimwita hivyo askari mwenzake; aliomba radhi, ikaelezwa kwamba lilikuwa jina la kirafiki. Mwaka 2021, katika shauri la mchezaji wa kriketi Azeem Rafiq, mzaliwa wa Karachi, ilibainika kwamba taarifa ya uchunguzi ililichukulia neno hilo kuwa utani kati yake na mchezaji mwenzake. Watu wengi walishangaa na kukasirika. Rafiq alilieleza Bunge la Uingereza, mwezi Novemba mwaka huohuo, jinsi maneno ya namna hiyo yalivyomdhalilisha. Siku chache baadaye ujumbe wake wa zamani wenye kuwakejeli Wayahudi ulifichuka, naye akaomba radhi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Aliyeumizwa naye aweza kuumiza.

Watanzania hatuhitaji kufundishwa utani ni nini. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19, na leo ni watani. Lakini utani wetu una sheria. Pande zote mbili huutambua. Anayetaniwa ana haki ya kujibu kwa kipimo kilekile. Na siku ya msiba mtani yupo, akitumika na kufariji. Utani ambao mmoja husema siku zote na mwingine hucheka kwa kuogopa kupoteza kazi, huo si utani. Tuupime kwa mizani hiyo.

Sasa twaona kwa nini "Aussie" halina ubaya: wenyewe walijipa, hujiita hivyo kwa fahari, na hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Lakini katika nchi hiyohiyo inayopenda kufupisha maneno, kifupisho "Abo", walichoitwa wenyeji wa asili walionyang'anywa ardhi, ni tusi zito. Kwa upande mwingine, jina kamili lisilopungua herufi laweza kuwa tusi. "Mhindi" ni neno sahihi la Kiswahili. Lakini likitamkwa kwa kubetua midomo kwa jirani aliyezaliwa Tanga, kana kwamba hana kwao hapa, limekuwa jiwe. Urefu wa neno hauliokoi.

Je, jina litolewalo na wengine daima ni baya? Hapana. Matendo ya Mitume chasimulia kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia, na waamini wakalipokea jina hilo, wakalivaa hata mbele ya mauti. Lakini walilipokea wenyewe, hakuna aliyewapokelea.

Basi, kabla ya kulitumia jina fupi la watu wengine, tujiulize: wenyewe hujiitaje? Neno hili lilifanya kazi gani lilipokuwa mdomoni mwa wenye nguvu? Na anayeitwa hivyo ana uhuru wa kusema hapana? Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye jina ndiye ajuaye usiku aliolala. Akituambia kwamba laumiza, kumwita kwa jina lake kamili kwatugharimu silabi mbili au tatu tu.