Kima: Stesheni Inayokumbukwa kwa Jina Moja

Wasee, mkipita Kima, Makueni, msicheke jina tu. Mwaka wa 1900 simba alikuwa anawinda wafanyakazi wa reli kwa hii stesheni ndogo. Usiku mmoja alipanda paa la mabati akitaka kuling'oa awafikie. Juni hiyo, Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, akaja kumvizia. Akashikwa na usingizi ndani ya behewa, simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Leo hilo behewa liko makumbusho ya reli Nairobi, na Ryall anatajwa. Na wale wafanyakazi je? Tangu 2017 treni ya SGR haisimami Kima. Ukienda makumbusho, usipige selfi tu. Uliza majina yao.